Vipimo Vyako Kabla Hujapungua

Baba yangu mpendwa,

Jumamosi nimekata kanzu yako. Usininunie kwanza, nisikilize.

Unakumbuka siku nilipoleta kompyuta dukani kwetu, Old Kampala, nikasema nitakuandikia programu ya oda? Nilikueleza kwamba kila kanzu itakuwa kitu ndani ya programu, na hatutakuwa tunakijenga upya kila mteja anapoingia. Tutaweka kanzu moja iliyokamilika kama kielelezo, tutainakili, kisha tutabadilisha panapohitajika. Njia hiyo inaitwa prototaipu, nikakwambia kwa maringo yote ya msomi. Wewe ulitaka kujua jambo moja tu: huyo wa kunakiliwa ni nani.

"Lazima tupime mtu," nikasema.

"Basi pima mimi." Ukasimama, ukavuta tumbo ndani.

"Liachie, Baba."

"Kale, kale," ukakubali kwa Kiganda, ukaliachia, tukacheka mpaka mteja akachungulia mlangoni.

Tangu hapo kila oda mpya ilifunguka na wewe: mabega yako, kifua chako, tumbo lako. Nilikuwa naviondoa vipimo vyako vyote na kuweka vya mteja. Jioni ukipita nyuma yangu ulipenda kuuliza, "Leo nimezaa wangapi?" Nilikuwa nakujibu bila kugeuka. Sasa natamani ningegeuka.

Halafu ukaugua. Karibu na Idi ukataka kanzu mpya, nikakupima umekaa kitandani. Futi ilikuzunguka kifua ikabaki inalegea mkononi mwangu. Ukaniona. "Usiniangalie hivyo," ukasema. "Andika."

Nikaandika, macho yamejaa machozi. Nikanakili kielelezo, lakini safari hii sikuondoa vipimo vya zamani. Nilipunguza vilevile vilivyokuwamo. Na nakala yangu ilikuwa ya juujuu, Baba. Kwa nje zilionekana kanzu mbili, kumbe ndani zote zilishika vipimo vilevile. Nilipoipunguza nakala, kielelezo nacho kikapungua. Ni kosa wanalofundishwa wanafunzi wanaoanza, ila kwa wateja halikuwahi kunitokea, kwa sababu wao niliwawekea vipimo vipya kabisa.

Nililigundua baada ya hitima yako. Nilifungua oda ya kwanza, akatokea mtu mgonjwa. Wewe mzima hukuwamo tena popote. Nikakimbilia kabati lako nyumbani nikapime nguo, nikalikuta tupu. Mama alikuwa ameshazigawa zote sadaka. Nililia siku ile kuliko siku tuliyokuzika. Mama alidhani nimefukuzwa ile kazi yangu ya kompyuta kule Kamwokya.

Jumamosi ndipo akaja yule mlinzi wa maduka ya jirani, mzee mfupi anayependa utani.

"Nyabo, nisaidie. Hii kanzu iko mrefu sana, na kwanjula ya mtoto wangu, ile sherehe ya kutambulisha mchumba, iko wiki ijayo. Nitaanguka mbele ya wakwe!"

Akaitandaza mezani. Nikaona omulela, ule mshono mwekundu wa kifuani, umelala upande mmoja kama mishono yako yote ya mkono wa kushoto.

"Nani alikupa hii?"

"Mama yako. Alisema mzee atafurahi."

Nikampa kiti. Nikaipima polepole kanzu yako ya kabla hujaugua, mabega, kifua, tumbo, mikono, urefu wote, nikaviingiza vipimo kwenye kielelezo. Nilikuwa nimeshaiandika upya ile sehemu ya kunakili, ifike mpaka ndani, ili mtu akipunguziwa yake wewe usiguswe. Ukarudi na tumbo lako.

Nilitaka kumwambia achukue kanzu mpya bure, aniachie hii. Neno lilikuwa ulimini kabisa. Lakini Mama ameshaitoa kwa ajili yako, na sadaka hairudishwi kwa sababu binti ana uchungu. Nikachukua mkasi wako.

Kipande kilichodondoka kilikuwa kirefu. Nilikuwa nimesahau urefu wako.

Nilipomaliza kukunja upindo, akaivaa, akajigeuza kwenye kioo. "Sasa imekuwa yangu kabisa," akasema.

"Ni yako, ssebo," nikamwambia, nikainama kuokota kile kipande ili asinione uso.

Pumzika, Baba. Kesho kuna oda mpya. Nikiifungua utatokea wewe kwanza, na nitakusalimia kabla sijakubadilisha kuwa mtu mwingine.

Ni mimi binti yako,
uliyeniambia niandike.