Baba, Silinda Uliyosema Mia

Baba yangu,

Shikamoo. Uko hatua chache tu kutoka hapa nilipokaa, kwenye kiti chako mlangoni mwa gereji yetu ya Zinga, na bado nakuandikia kama mtu aliyesafiri. Tangu ugonjwa huu wa kusahau ukushike, unaniita "bwana fundi", kwa adabu zote, kama mtu uliyemkuta njiani. Nakuitikia, lakini inaniuma.

Unakumbuka ulivyonifundisha saizi? Ulinikalisha mbele ya bloku ya injini, ukaniambia silinda iliyolika inachongwa ipanuke kidogo, kisha inavishwa pistoni kubwa zaidi: ishirini na tano, hamsini, sabini na tano, mia; namba ikikua, chuma kinachongwa zaidi. Baada ya mia hakuna tena. "Chonga kidogo uwezavyo," ulisema, "chuma cha watu hicho." Wewe mwenyewe ulikuwa unaingiza kidole ndani ya silinda, unafumba macho, na namba uliyoitaja ndiyo tuliyoiandika kwa chaki. Siku moja, kwa ujinga wangu, nilichukua kipimo nihakikishe. Hukunigombeza. Ulinawa mikono ukaenda zako nyumbani, na siku mbili hukunisemesha. Tangu hapo hakuna aliyepima baada yako, na mimi ndiye niliyekuwa nawakataza wenzangu. Niliona ndiyo heshima yenyewe.

Sasa sikia nilichofanya. Shangazi Mwajuma, dada yako, alileta pikapu yake ya kubebea mananasi kutoka Kiwangwa. Inafuka moshi, inakunywa oili kama chai. Nikafungua injini, nikaweka bloku karibu na kiti chako niisafishe. Ukainuka mwenyewe, wewe ambaye miezi mingi huinuki bila kushikwa mkono. Ukaingiza kidole, ukafumba macho, ukasema, "Mia."

Baba, nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nikasema moyoni, mzee karudi. Kipimo kilikuwa mezani, na macho yangu yalishaniambia hamsini ingetosha. Sikukigusa. Nilinunua pistoni za mia, nikapeleka bloku kwa mkerezaji kule Bagamoyo mjini, nikamwambia, "Chonga mia, mzee kasema." Naye anakujua, hakuuliza la pili.

Silinda ya tatu ikatoboka mpaka kwenye njia ya maji. Kumbe kutu ilishaila bloku kwa ndani, ukuta ulikuwa mwembamba. Hamsini ungeihimili, mia haukuiweza. Mkerezaji akasema hata kuivisha slivu, lile bomba la chuma la kuokolea silinda, haiwezekani, maana hakuna chuma cha kuishikilia. Nilirudi Zinga nimeipakata bloku, sijui hata naipeleka wapi.

Simpati wa kumlaumu. Wewe ni mgonjwa. Na mimi nikijilaumu, naikumbuka ile furaha, na najua kesho ukiinuka tena ukataja namba, moyo wangu utataka kukuamini tena. Nimekosa pa kushika, Baba.

Jana shangazi alikuja. Nikamwonyesha tundu. Aliliangalia kwa muda, kisha akakaa juu ya tairi bila kujali kanga yake. Mananasi yameiva shambani na hana gari jingine.

"Alipima nani?" akaniuliza.

"Mimi, shangazi."

Nilimdanganya. Namba ilikuwa yako na kipimo hakikugusa bloku ile hata mara moja, lakini nisingeweza kulitoa jina lako. Sasa hivi jina ndilo pekee ulilobakiwa nalo.

Akatikisa kichwa. "Kaka yangu angekuwepo, haya yote yasingetokea."

Na wewe ulikuwepo, Baba. Ulikuwa umekaa katikati yetu, umesikia kila neno. Ukamgeukia dada yako wa tumbo moja, ukamtazama kwa huruma, ukamwambia, "Pole sana, mama. Hawa mafundi wa siku hizi hawapimi."

Shangazi akajifunika uso kwa kanga. Mimi nikasema, "Kweli kabisa, mzee."

Basi, Baba, ubaki salama huko uliko.

Ni mimi,
mwanao.