Waya Katika Kidole cha Pili

Jumatatu, 11 Juni 1956

Barua kutoka Ntoto! Mwanangu Barthélemy amemaliza kuezeka darasa lake la kwanza. Ataanza kufundisha Jumatatu, tarehe 3 Septemba, na anataka nipige kengele ya kwanza. Tangu aondoke nyumbani hajaniomba kitu. Toka mahali gari linapoishia mpaka kwake, ni siku nzima kwa miguu, katika matope ya msitu. Nami siwezi hata kufika kanisani bila kuvua kiatu. Kidole cha pili cha mguu wa kulia kimejikunja kama kulabu, na juu ya nundu yake pana sugu jekundu.

Dada yangu Nyirabahire, anayekaa nami tangu mke wangu afariki, anasema nitoboe kiatu. Sitatoboa. Nimekuwa mwalimu miaka thelathini. Sitaingia katika darasa la mwanangu na kiatu chenye tundu.

Jumamosi, 23 Juni

Hospitali ya misioni. Daktari alisema Kifaransa cha haraka. Mwuguzi Léonard akanifafanulia.

Kukata kano peke yake hakutoshi. Kidole kimekwisha kukakamaa, kitarudi kilivyokuwa. Wanaweza kuchonga ncha ya mfupa mmoja na kuiingiza ndani ya mwingine — "sawa mupini mu jembe, Papa Mwalimu." Hapo hakuna kinachobaki nje. Lakini mifupa yangu ni myembamba, inaweza kupasuka. Au wasawazishe mifupa, kisha wapitishe waya tangu ncha ya kidole, ukae wiki sita mpaka mifupa ishikane. Au wakikate kidole, yaishe.

Nikauliza kama huo waya nitauona. Ncha yake, ndiyo.

Basi, waya. Kitu nisichokiona siwezi kukisimamia.

Jumanne, 26 Juni

Imekwisha. Ganzi ilishika vizuri. Nilisikia kugongwa, sikusikia maumivu. Léonard nilimfundisha kusoma, na leo alicheka sana: "Mwalimu, ulinipiga fimbo miaka mine. Sasa njo zamu yangu!" Nikamwambia atazame kazi yake.

Ncha ya waya imetokeza kama ukucha mrefu. Wameichomeka kizibo cha chupa ya divai ili isinase blanketi.

Jumapili, 8 Julai

Nyumbani. Asubuhi njema. Ukungu umeondoka mapema juu ya malisho, maziwa yamekuja yangali ya moto. Nimekaa barazani, mguu juu ya kiti. Kidole kimelala sawa na wenzake, kama wanafunzi mstarini. Nakitazama mara nyingi kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu.

Masharti: kisilowe, kisiguswe, nikanyage kwa kisigino tu. Waya utatolewa tarehe 7 Agosti. Dada huja, huinama, huondoka akitikisa kichwa. Chuma ndani ya mtu, asema, na kikavu hivyo!

Jumatano, 18 Julai

Nimemjibu Barthélemy. Neno moja tu: nitakuja.

Alhamisi, 19 Julai

Kizibo nimekikuta sakafuni. Waya umetoka nje zaidi, upana wa ukucha mzima! Bandeji inateleza. Nikainusa — siagi!

Nilipaza sauti hata ndama wakashtuka. Dada akaja na kibuyu mkononi. Hakukana. Siku nne amekuwa akinipaka nikisinzia baada ya chakula cha mchana. "Panga napaka siagi, kisu napaka siagi. Hii chuma iko ndani ya mutoto wa mama yangu. Niiache ishike kutu?"

Hapa kwetu ndivyo tunavyotunza kila chuma, na mimi mwenyewe sikumweleza lolote. Nilimpa amri tu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Naye sasa amekaa nyuma ya zizi la ndama, hataki kula.

Ijumaa, 20 Julai

Nilimtumia habari Léonard, amefika kwa baiskeli. Daktari yuko Goma mpaka Jumatano. Ameushika waya kwa vidole viwili: unazunguka. Waya uliolegea haushiki kitu, asema, tena huita usaha. Na bado hazijatimia wiki nne. Akiutoa leo, atakifunga kidole pamoja na jirani yake, na huenda mifupa imekwisha kuanza kushikana. Huenda pia kulabu ikarudi kabla ya Septemba.

"Nivute ao niache, Papa Mwalimu?"

Amekibonyeza kidole. Hakikujikunja. Pengine ni uvimbe tu unaokizuia. Nikasema: vuta.

Koleo liko katika sufuria, linachemshwa. Naandika tukingoja. Léonard anataka mtu wa kunishika mguu. Alitaja jirani yetu Gasana, kwa kuwa ana nguvu. Nikakataa. Nikamwita dada.

Amekuja akitazama chini, akaniambia: "Mi nitaharibu tena, Straton."

Nikamwambia akae. Nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, mifupa, waya, kizibo, polepole. Akauliza maswali mawili, yote mazuri. Kisha akauliza la tatu: Ntoto kuna ng'ombe? Nikasema hakuna, ni msitu. Basi atanifungia siagi ya safari, asema, ya kula!

Léonard amemnawisha mikono mara tatu. Bado inanukia siagi. Ameketi chini, kisigino changu kimo mapajani mwake, na koleo limetoka katika maji. Nimemwambia ashike kwa nguvu. Anashika —