Zamu yangu ya kuchumiwa majani

Jumapili jioni, Nyacheki.

Asubuhi ukungu ulikawia bondeni, kisha jua likatoka kwa hasira, kana kwamba lilizuiwa mahali. Sasa kumepoa. Nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni na simu mkononi, na vidole vyangu vina ule weusi wa majani chai usiosikia sabuni.

Leo ilikuwa zamu yangu ya risaga. Hakuna aliyekuja.

Kwa msomaji asiye wa huku: risaga ni majirani kusaidiana kazi ya shamba kwa zamu. Jumapili hii tunachuma kwako, ijayo kwangu, na kazi ya mwenye shamba ni kupika. Hakuna anayealikwa. Zamu ikifika unabeba kikapu chako unaenda, basi. Sisi Wasabato Jumapili ndiyo siku yetu ya shamba, na hata Mama Kevin, Mkatoliki wetu wa pekee, hutoka misa ya kwanza akaja mbio na kitambaa cha kanisani bado kichwani.

Mume wangu alipofariki nilikuwa nimekwisha kufunga virago nirudi kwetu Mosocho. Wanawake hawa wa risaga wakaja shambani bila kuitwa, wakachuma huku wakinisengenya kwa sauti, makusudi, ili nisikie. Kwamba napika ugali laini kama uji. Kwamba ng'ombe wangu ana adabu kunishinda. Nilicheka mara ya kwanza tangu mazishi, nikafungua virago. Sina ndugu hapa, nina hao.

Basi leo nilipika matoke sufuria kubwa na chai ya maziwa ya kujaza birika mbili. Nikangoja. Nikajiambia ni ukungu umewachelewesha. Jua lilipopanda nikaacha kujidanganya, nikajifunga kikapu mgongoni na kuanza mstari wa kwanza peke yangu, maana majani yakikomaa zaidi ya hapo, kwenye kituo cha kuuzia majani watayakataa. Ng'ambo ya kijia Mama Moraa alikuwa akianua nguo. Alianua leso moja, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena, bila kuinua macho upande wangu. Sijawahi kumwona mtu akishughulishwa na leso moja namna ile.

Mama Moraa ndiye mkubwa wa risaga yetu. Kwa umri angeweza kunizaa, na tangu niolewe hapa huniita mwanangu. Yeye asipokuja, hakuna anayekuja.

Chanzo ni mkutano wa Alhamisi. Kuna hoja katika bunge la kaunti ya kutaka Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, kiruhusiwe vikaoni pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Jambo la kukaa chini na kujadiliana, ungedhani. Lakini vyama viwili vimeling'ang'ania. Nitaviita kwa alama tu, Mtungi na Ngazi, sitaki maneno zaidi. Mtungi wanaitaka hoja, Ngazi wanaipinga, wanadai itatutenga na Wakenya wenzetu. Siku hizi ukimsalimu mtu sokoni kwa Kiswahili anakutazama kichwani kama una kofia ya Ngazi. Ukimsalimu "bwakire" kwa Ekegusii anakuuliza Mtungi wamekupa nini. Na ukweli ni kwamba watoto wa mheshimiwa wa Mtungi ukiwaomba maji kwa Ekegusii watakutolea macho, naye wa Ngazi akija kuomba kura hukikumbuka Ekegusii chote, pamoja na mafumbo ya nyanya yake. Ile methali ya ndovu na nyasi siitaji. Wanafunzi wangu wameichosha.

Mimi nafundisha Kiswahili, na kanisani ndimi mtafsiri. Huku kwetu mtafsiri hasimami kama mlingoti. Mhubiri mgeni akiinua mkono, nawe unainua. Akilia, unalia. Akisema "mimi ni mwenye dhambi," nawe unasema mimi. Nimeifanya kazi hiyo miaka, na kusema kweli naipenda. Ni saa pekee ya wiki ambayo watu wengi hunisikiliza kwa pamoja bila kupiga miayo. Kwa hiyo chifu alipouliza nani atatafsiri mkutano wa hoja hiyo, Mama Moraa mwenyewe ndiye aliyelitaja jina langu, kwa fahari, kama mtu anayemtoa binti yake mbele za watu.

Mheshimiwa wa Ngazi akasimama. Akasema kwa Kiswahili kwamba lugha ya nyumbani ni ya kufukuzia kuku, na kwamba yeye hawezi kuketi bungeni kusikiliza watu wakifukuza kuku. Akapunga mkono, kwa dharau kabisa. Nami kazi ikiwa imenipanda kichwani, nikayatoa yote kwa Ekegusii, sauti ile ile, mkono ule ule, na "mimi siwezi kuketi" ndani yake. Nikaupunga mkono kuelekea mbele, walikoketi wazee na akina mama ambao Kiswahili kwao ni cha kusikia nusu nusu. Mama Moraa alikuwa kiti cha kwanza.



Mtu alikuwa akirekodi kwa simu. Kabla ya magharibi video ilikuwa kwenye makundi yote ya WhatsApp, imekatwa ili mheshimiwa asionekane wala kusikika. Ni mimi peke yangu pale, nafukuza mama zangu kama kuku. Watu wa Mtungi wakaandika kwamba nimeuza ulimi wa mamangu. Hayo nilistahimili. Kisha akanipigia mtu wa Ngazi, mchangamfu, akanipongeza kwa kuwasilisha hoja yao vizuri kuliko mheshimiwa mwenyewe, na kuniuliza kama ningependa kuzunguka nao kwenye mikutano inayokuja. Nilikata simu. Jana kanisani wakamsimamisha mtu mwingine kutafsiri. Mimi nilikaa nyuma, na benchi langu lilikuwa na nafasi kubwa mno.

Muda wote huo nimekuwa nikijitetea kimoyomoyo. Mjumbe hauawi. Nimeirudia nikiosha vyombo, nikisahihisha insha, leo nikichuma. Mjumbe hauawi. Methali inatuliza sana ukiwa peke yako.

Alasiri nikachukua matoke nikavuka kijia. Mama Moraa hakunifukuza. Alinivutia kiti, akaendelea kuchambua maharagwe. Nikatoa hotuba yangu yote, kwa Ekegusii, kwamba maneno yalikuwa ya yule mtu, kwamba mtafsiri hana lake, kwamba kila mtu kanisani anajua jinsi ninavyofanya. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, mikono bado kwenye maharagwe:

"Najua hayakuwa yako. Lakini yeye aliyasema kwa Kiswahili, yakanipita. Wewe ndiye uliyenifikishia, mbele ya watu, na mkono juu."

Akaongeza kwamba kama ningeyapunguza makali pale, angeniuliza siku nyingine tukichuma yule mtu alisema nini hasa, nami ningemwambia, na tungemcheka hadi vikapu vituponyoke.

Nimerudi nalo hilo na sijui niliweke wapi. Nimejizungushia maswali. Ningeyapunguza makali, ningekuwa mtafsiri wa aina gani? Watu wana haki ya kujua kiongozi amewaitaje. Hilo naliamini, na kesho darasani nikiulizwa nitalitetea. Lakini kuna jambo ambalo Mama Moraa hakulisema kwa sababu ya heshima, nami nitaliandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Nilipoupunga ule mkono, nilifurahi. Niliona nimemwiga sawasawa yule mtu, hata kiburi chake, na kwa muda ule mfupi sikuona nani ameketi mbele yangu. Nilikuwa nasikiliza sauti yangu mwenyewe.

Natamani kusengenywa tena shambani. Ni ajabu kuandika hivyo, lakini ndivyo. Nyumba hii imejaa Kiswahili sanifu na Ekegusii safi, na hakuna wa kumwambia lolote kwa lugha yoyote.

Aliponisindikiza hadi langoni, Mama Moraa hakusema kitu kuhusu Jumapili ijayo. Ni zamu yake. Hakuniambia nije, na hakuniambia nisije. Nimefikiria kuwatuma watu wamuulize. Nimefikiria kumwandikia mheshimiwa aombe radhi hadharani, kisha nikajicheka mwenyewe.

Nitakwenda. Nitashika mstari wa pembeni, nichume kama wengine. Wakinyamaza, nami nitanyamaza. Wakinisema, nitasikiliza kwa masikio yangu mwenyewe hadi wamalize, bila kumtafsiria mtu.

Naogopa. Nitakwenda hivyo hivyo.