Jioni Niliyompeleka Mume Wangu Malkani

Jumapili, Garsen. Joto limeamka kabla yetu na upepo unaleta vumbi la barabara mpaka ndani ya sufuria. Moyo wangu ni mzito na sina hamu hata ya kupika.

Baba Asha ameondoka alfajiri.

Nianzie nyuma kidogo. Mume wangu ni Muorma, mimi ni Mpokomo wa Wenje. Aliponioa alikuwa na ng'ombe, na alikuwa mtu wa maneno mengi. Ukame ukawamaliza ng'ombe wote. Tukahamia mjini, akapata kazi ya kulinda duka la vifaa vya ujenzi, na tangu hapo wanaoongea nyumbani kwetu ni mimi na redio. Hanipigi, hanitukani. Anakaa tu, anatazama ukuta.

Basi hivi karibuni nikaanza kusoma kwenye simu yale mambo ya wapenzi kutoka pamoja jioni katika mji wao wenyewe, kila jioni na mada yake. Jioni ya mishumaa, jioni ya sinema, jioni ya dansi. Nilicheka peke yangu. Garsen hii, mke na mume wakikaa hotelini wakitazamana machoni, kesho yake shangazi za mume wangu watauliza kama kuna talaka. Lakini nilikuwa nimeshikwa pabaya.

Nikajaribu jioni ya Kilamu: wali wa nazi, samaki wa kupaka, udi, leso mpya. Alikula, akasema alhamdulillahi, akageukia ukuta wake. Nikajaribu jioni ya michezo, nikaazima bao kwa jirani. Nilimfunga mara mbili na hakukasirika. Mume wangu mimi, ashindwe na mkewe na asikasirike! Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jana nikachagua mada nyingine: pale mlipokutana mara ya kwanza.

Sisi tulikutana malkani, ile njia inayoachwa katikati ya mashamba ili ng'ombe wafike mtoni kunywa maji. Shamba la baba lilipakana na malka. Ng'ombe wa mume wangu waliingia kwenye mahindi yetu, akaja kuomba radhi, na akaendelea kuja kuomba radhi hata mahindi yalipokwisha kuvunwa. Wenje ni mbali, kwa hiyo nikamwambia twende malka iliyo karibu na mji baada ya alasiri. Asha, binti yetu, nikamwacha kwa jirani. Nikabeba mkeka, chupa ya chai na mahamri. Baba Asha akachukua fimbo yake ya kuchungia nyuma ya mlango, nami nikafurahi kama mjinga.

Sikufikiri. Kwangu malka ni mahali nilipopendwa. Kwake ni mahali alipokuwa na ng'ombe.

Hatujamaliza chai, akaja mzee mmoja na kundi lake, ng'ombe wamekonda lakini wazima. Baba Asha akaweka kikombe chini, akasimama. Akaanza kupiga mluzi, ule wa kuwatuliza wanywe bila kusukumana, akaingia majini na viatu vyake vya kazi. Akamshika mmoja pembe, akamsemesha Kiorma, akacheka.

Alicheka.

Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu tuhame. Nililia pale mkekani, nikidhani nimempata mume wangu.

Walizungumza kwa muda, yeye na yule mzee. Kisha akarudi suruali imelowa, akakaa karibu nami, karibu kuliko siku zote hizi.

"Mama Asha," akasema, "huyu mzee kesho anahamisha ng'ombe, anaenda upande wa Chewele. Anataka mtu wa kuchunga. Mimi nataka kwenda. Lakini wewe ukisema nisiende, mimi siendi."

Nikamuuliza atarudi lini. Akasema mvua ikinyesha. Nikamuuliza, na isiponyesha? Akawatazama ng'ombe.

Nawajua wanaume wanaochunga ng'ombe wa watu. Mwanzoni wanatuma salamu, kisha salamu zinakoma. Yeye pia anawajua. Hata hivyo aliniuliza kwa moyo safi, na ningesema baki, angebaki. Angevaa sare yake, angerudi, angekula, angegeukia ukuta.

"Nenda, Baba Asha," nikasema.

Alfajiri amembusu mtoto kichwani, amejitwika blanketi, na nimemsikia akipiga mluzi mpaka mwisho wa mtaa. Asha ameniuliza baba yuko wapi, nikasema kazini. Shangazi za mume wangu watakuja jioni, na sijui nitawaambia nini, maana sijaachwa, na mume sina.

Nimekaa mlangoni tangu alipotoka, nina hasira naye na nina hasira na nafsi yangu. Mke gani huyu, anayemruhusu mume aende kwa sababu tu amemwona akicheka?