Moshi na Mlio wa Kichwa cha Treni

Mtaa wa Gerezani, 14 Juni

Shikamoo Shangazi Severa,

Kwenye simu ningelia tu, ndiyo maana naandika.

Kile kichwa cha treni cha kuchezea ulichompa Babu alipostaafu udereva wa treni, sasa kinatoa moshi! Tangu nimalize kidato cha nne nashinda nacho. Ndani nimefunga waya unaochemsha gliserini hadi itoe moshi. Mlio wa dizeli niliurekodi mwenyewe relini, na spika ndogo nilinunua Kariakoo. Fundi aliyeniuzia alinitania, "Mrembo, hii ya mwanao?"

Juzi nikakiwasha mbele ya Babu. Unajua tangu apate kiharusi, miezi minne, hajatamka neno. Injini ikanguruma, moshi ukapanda, honi ikalia, kikaondoka. Babu akakunja uso.

"Breki!" akasema. "Hujaachia breki!"

Shangazi, ni kweli! Nilisahau ule mlio wa hewa ikitoka kwenye breki kabla treni haijaondoka. Baba alidondosha kikombe cha chai.

Jana niliurekodi mlio huo, lakini sijauweka. Leo asubuhi nimekiwasha tena bila breki, makusudi, na Babu amenigombeza tena.

Mwanao,
Nice