Mutumbwi wa Tonton Saleh

Zawadi, mujukuu wangu,

Habari ya Bukavu na ya mutoto? Huku Lubunga tuko wazima. Babu yako anakohoa, lakini jana alikula lituma ya ndizi sahani mbili, donc usimuhurumie.

Unauliza niliwezaje kazi, masomo na watoto pamoja. Bon, mwanzoni sikuweza. Nilikuwa nashona mujini, ng'ambo ya muto, na mchana nasoma ukunga kwa masista. Kila jioni nilisema, nimalize hiki kidogo tu, na nyumbani nakuta watoto wamelala.

Halafu uasi ukafika. Bac ya kuvusha watu ikasimama, na jua likishazama hakuna mutu kuvuka. Ulibaki mutumbwi wa Tonton Saleh, mudogo wa baba mukwe wangu. Mbele ya jua kuzama alikuwa anagonga kafi mara moja, anaondoka. Hata mke wake aliwahi kuachwa ng'ambo.

Siku moja akagonga nikiwa na nguo ya bibi harusi, mukono mumoja bado kushonwa, na mwenyewe amesimama mbele yangu. Nikaweka sindano, nikakimbia. Jioni ile tulikula sisi wote, mama yako akilala juu ya magoti yangu. Asubuhi nguo ilikuwa pale pale, bibi harusi pia, anakunywa chai.

Amani iliporudi, bac ikavuka mpaka usiku. Mimi niliendelea na mutumbwi wa Tonton Saleh. Alidhani ni heshima.

Nilitaka kukuandikia mengine, lakini babu yako amegonga sahani.

Koko wako, Mariamu