Maziwa kwenye Barabara ya Loki

Kakuma, 12 Januari 2025

Dada Asekon, ejoka? Watoto wanaendeleaje, na biashara ya samaki? Sisi huku wazima, ni joto tu linatumaliza.

Keti kwanza ndio usome. Mwezi ujao nakimbia mbio za barabara, kilomita ishirini na moja, kwenye barabara ya kwenda mji wa Loki, kisha kurudi. Ndiyo, najua sijawahi kupita kumi, na hiyo kumi nusura initoe roho. Lakini Aluel, yule jirani yangu wa Sudan Kusini anayeuza chai kambini, ananigongea mlango kila asubuhi tukakimbie, na hanionei huruma hata kidogo. Dada, TB iliisha mwaka juzi. Daktari anasema mapafu ni safi. Mimi ndiye bado siamini, na nimechoka kutembea polepole nikijisikiliza kifua. Niombee.

Mdogo wako,
Nasike

Lodwar, 14 Januari

Nasike, ejok nooi. Watoto wazima, samaki wanatoka.

Wewe una wazimu! Nani alikubeba mgongoni hadi hospitali? Ulikuwa mwepesi kuliko mtungi mtupu, na ile damu uliyokohoa niliificha kwenye leso mama asiione. Sasa Mungu amekurudishia pumzi, unaenda kuimwaga kwa lami? Kuna nini huko? Mbuzi wamepotea? Siombi chochote. Kimbia kumi zako uridhike.

Dada yako, na nimekasirika,
Asekon

Lodwar, 16 Februari

Nasike, ejoka? Mbio zilikuwa jana. Napiga simu, imezimwa. Namba ya Aluel sina. Niandikie hata neno moja.

Dadako

Kakuma, 17 Februari

Dada yangu, ejok. Niko mzima, usilie. Simu iliisha chaji na mimi nikalala siku nzima.

Tulianza vizuri. Tulipogeuka, Aluel akaniacha, nikabaki na barabara peke yangu. Mbele kidogo akatoka mama mzee na kibuyu. "Mwanangu, nani anakufukuza? Kunywa kwanza." Maziwa, dada, kwa ukame huu! Ningekataa vipi maziwa ya mama mzee, tena majirani zake wote wanatazama? Ungekuwa wewe ungekataa? Nikanywa kibuyu chote nikiwa nimesimama, nikamshukuru, nikaendelea na tumbo linacheza kama mtungi juu ya punda.

Sikufika mbali. Nilitapika kando ya lami, halafu kikohozi kikanishika, kile cha kutoka chini kabisa, unakijua. Nikapiga magoti. Dada, niliogopa sana. Nilifumba macho nisione kitakachotoka. Nilipoyafumbua, maziwa matupu. Nikachunguza tena na kidole. Hakuna damu, hata tone.

Nikacheka peke yangu pale hadi mwenye bodaboda akasimama kuniuliza kama niko sawa. Alitaka kunibeba, nikamkatalia. Nikamaliza zote ishirini na moja, nyuma yangu watu wawili tu, mmoja anachechemea.

Mdogo wako,
Nasike

Lodwar, 18 Februari

Nasike wa mama, ejok, ejok sana.

Nimesoma ujumbe wako kwenye simu mbele ya wateja. Nilipofika kwenye kikohozi nikafunga simu, nikauza samaki wawili kwa bei ya mmoja, kisha nikafungua tena. Ukakatalia bodaboda! Ukiwa umetapika, ukiwa umepiga magoti kwenye jua hilo, ukainuka ukakimbia! Mimi nikitoka sokoni hadi darajani nahema kama ngamia mzee. Nimewasomea wamama wote hapa na wanasema wanataka kukuona. Sina cha kukufundisha tena, mdogo wangu. Nakuheshimu.

Nikwambie kitu. Tangu uugue, nalala simu ikiwa sikioni, nikingoja waniite kwamba umezidiwa. Jana usiku nimeiacha jikoni.

Dadako,
Asekon